Mgongo wa Kiganja

Mzee mmoja alikuwa fundi wa kujenga kuta za tanuru, na kiwandani hapakuwa na aliyemwita kwa jina. Walimwita Kipimajoto. Kwa miaka ishirini na sita, kila asubuhi kabla ya zamu kuingia, alizunguka tanuru akigusa ukuta wa nje kwa mgongo wa kiganja. Akisema "Limelala," watu wanaingia. Akisema "Limeamka," hasogei mtu, hata meneja apayuke vipi. Vilikuwepo vipimo vya joto vya sindano upande mmoja, ni kweli, lakini nani ahangaike na sindano na Kipimajoto yupo?

Binti yake alikuwa maabara ya kiwanda hichohicho, kazi yake kupima matofali.

"Baba, huo mkono wako hauna namba," alimtania.

"Na mashine yako haina adabu. Inatoa majibu bila salamu."

Basi ukaja mwezi wa kujenga upya ukuta wa nyuma. Stoo kulikuwa na matofali ya aina mbili: ya kijivu, mepesi, yenye vitundu na uchafu wa madini mengine, na meupe pe, mazito, oksidi tupu ya alumini. Fundi gani anayejiheshimu ataacha safi abebe chafu? Mzee akajengea meupe mpaka tabaka la nje. Binti alipata habari ukuta umeshasimama, akaja mbio.

"Baba, nje ungeweka ya kijivu."

"Yale machafu?"

"Uchafu ndio unaotusaidia. Ndani ya tofali, atomi za alumini na oksijeni zimeshikana safu kwa safu. Moja ikipata joto inatetemeka, inamtikisa jirani, naye anamtikisa wake. Safu ikiwa safi, mtetemo, ndio joto lenyewe, unapita vizuri tu mpaka nje. Penye atomi ngeni au pengo, unayumba, unatawanyika. Na vile vitundu navyo vinazuia."

Mzee akakuna kidevu. "Kama tunavyorushiana matofali kwenye mstari. Akikosekana mtu mmoja, kazi inakwama."

"Hivyohivyo, baba."

"Basi tutawasha, nitagusa. Mkono utasema."

Hapo alidanganya, na alijua anadanganya. Mkono ule ulikuwa haujasema kitu miezi minne. Ulianza kwa ganzi ya vidole, ikapanda hadi kwenye kifundo cha mkono; daktari alisema ni kisukari. Hakumwambia hata mkewe. Asubuhi alikuwa akibahatisha, akichungulia sindano kwa jicho la pembeni. Ilikuwa aibu kubwa na hatari kubwa zaidi, lakini mtu ambaye jina lake lote ni mkono wake ataanzia wapi kusema mkono umekufa?

Tanuru likawashwa. Siku ya tatu asubuhi mzee akagusa ukuta mpya, ambao haukuwa na kipimo hata kimoja. Bomba la mafuta lilipita shubiri moja tu kutoka hapo.

"Limelala," akasema, na watu wanane wakaingia.

Akaenda kunawa apate chai. Binti alikuwa kwenye bomba la maji, akaushika mkono wa baba yake ghafla. Mgongoni pa kiganja palikuwa na lengelenge la ukubwa wa yai.

"Baba, umeungua!"

"Wapi?" akauliza mzee.

Neno lilipomtoka akalisikia mwenyewe. Akakimbia. Hakuwa amekimbia miaka mingi, na alifika akihema, akafunga mafuta kwa mikono yake na kuwatoa watu wote nje. Ganda la bomba la mafuta lilikuwa limeanza kulainika.

Meneja alipokuja, mzee angeweza kuyatupia lawama matofali. Alisimama mbele ya wale wanane.

"Mkono wangu haujui joto tena. Miezi minne sasa. Nimekuwa nikiwadanganya." Akalia pale pale, mtu mzima, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Ukuta ukabomolewa, ukajengwa wa kijivu, ukawekewa vipimo. Siku zamu iliporudi, sindano zilionyesha salama, lakini watu walisimama mlangoni wakingoja. Mzee akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza.

"Usitumie tumbo la kiganja. Tumia mgongo. Ukiungua mgongo, bado utashika kijiko."

Binti akagusa, akasogea, akagusa tena mpaka mwisho wa ukuta.

"Limelala, baba."

Wale wanane hawakusogea. Walikuwa wanamtazama baba yake. Mzee akavaa glavu zake, akaingia wa kwanza.