Mafungu Matatu ya Mtama Mwitu

Siku ya tatu ya kazi yangu Uthiru niling'oa mstari mzima wa majaribio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kibarua wa kung'oa magugu katika shamba la utafiti. Nilikuwa nimeshatuma habari nyumbani Kitui kwamba nimepata kazi Nairobi. Ningerudi na uso gani?

Hata hivyo kosa halikuwa langu peke yangu. Nimekulia kwenye mtama, na mtama mwitu nikiuona mkono unauendea wenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba hapo ulipandwa makusudi, upimwe.

Msimamizi alikuja mbio. "Mama, umefanya nini? Hiyo ndiyo kitu tunasoma! Chukua kikapu yako uende!"

Sikwenda. Mimi si kuku wa kufukuzwa. Nilimwonyesha nilivyoupanga mtama ule chini, mafungu matatu, kama mama alivyonifundisha. La kwanza lilikuwa na ndevu ndefu na maganda meusi. La pili lilikuwa jembamba, masuke yametawanyika. La tatu lilikuwa nene, masuke yamefumbana kama ya mtama wa kula, na hilo ndilo mama aliloliogopa zaidi, maana humdanganya mpaliliaji.

"Hizi zote ni mwitu tu," alisema. Kwenye daftari lake yote matatu yaliandikwa kwa jina moja.

"Ni mwitu, lakini si wa aina moja. Gonga hilo suke nene linalofanana na la kula," nikamwambia.

Akaligonga kwa kalamu. Punje zikamwagika kiganjani. Akagonga suke la mtama wa kula uliopandwa jirani, haikuanguka hata moja. Akachuchumaa, akapima mafungu yote matatu.

"Umesomea hii wapi?"

"Kwa mama yangu."

Kesho yake alinipa rula na penseli. Nilipima kimo, ndevu na rangi za maganda kwa miaka mingi, na mpaka leo najivunia, sifichi.

Mwaka uliofuata mama alikuja kunitembelea. Alipofika kwenye mistari yangu aliinama papo hapo, akashika shina la mtama mwitu kuling'oa. Msimamizi akapiga kelele kutoka mbali, akaja mbio kama siku ile.

"Ndiye mama yangu," nikasema.

Msimamizi akasimama, akavua kofia. "Karibu, mwalimu."

Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.