Printa Iliyokula Nusu ya Diski

Studio yangu ipo Wete, chini ya nyumba yangu mwenyewe, na nyumba naitaja kwa makusudi kwa sababu itarudi tena katika habari hii. Shule niliiacha darasa la tano. Wenzangu niliowaacha kwenye madawati walisoma mpaka wakachoka, na leo wakitaka kuoa wanakuja kwangu niwapige video. Siwacheki. Nawaambia wasimame vizuri, wanyanyue kidevu, basi.

Siku ninayoikumbuka, kompyuta yangu iligoma. Kompyuta hiyo niliinunua Dar es Salaam na kuja nayo kwenye boti nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga, huku nikiambiwa na mabaharia niiweke chini pamoja na magunia. Asubuhi hiyo ikaniandikia kwamba diski imejaa. Imejaa nini? Muuzaji aliniapia kwamba nikipiga harusi zote za Pemba, na Unguja nikawasaidia, diski ile haitojaa. Lakini kiapo cha muuzaji kinaishia pale boti inapong'oa nanga.

Na kazi haikuwa ya kungoja. Barazani kwangu alikuwa amekaa mvuvi mmoja wa kisiwa cha Fundo, mtu mzima, kimya, kofia yake gotini. Dada yake kaozwa Kengeja, nyumbani kwa shangazi yao, na harusi tuliipiga sisi. Mama yao yuko Fundo, miguu haimchukui tena, harusini hakufika. Bibi harusi kavuka kwenda kumuaga, na asubuhi inayofuata anaondoka na mumewe kwenda Muscat. Mama kaomba jambo moja tu: amwone mwanawe alivyopambwa, na mwanawe akiwa kakaa ubavuni pake. Kwa hiyo video ile ilipaswa kupanda boti ya jioni ya Fundo. Ikichelewa, mama ataitazama peke yake.

Sasa kwetu sherehe ya wanawake hupigwa na mwanamke. Mke wangu ndiye anayeingia ndani na kamera. Mie nabaki nje kupiga video sahani za pilau na mashehe wanaoomba dua macho yakiwa kwenye pilau. Hata kuihariri anahariri yeye, chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Mie mwenye studio, mwenye kompyuta, mwenye pazia, siruhusiwi kuchungulia. Asubuhi ile alikuwa kaenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili, kadi ya kamera kaniachia nimmwagie tu picha zake kwenye kompyuta, bila ya kufungua. Nikamwaga. Ikakataa.

Nikampigia fundi mmoja wa Chake, kijana mwenye vyeti vingi ukutani kuliko mie nilivyo na picha za harusi. Akasema hicho ni kirusi, nifute diski nzima nianze upya. Ushauri mkubwa huo. Hata mie niliyeishia darasa la tano ningeweza kuutoa, na nisingeomba kutumiwa vocha.

Basi nikaamua kuitafuta nafasi yangu mwenyewe, kama nilivyotafuta kila nilichonacho. Nikaziendea folda moja moja, naibonyeza, naitazama uzito wake, najumlisha kwenye simu. Harusi, za watu. Maulidi, ya watu. Mechi za mpira, ambazo timu zetu zilifungwa na bado wanataka kopi. Halafu folda yangu binafsi, nzito kweli: nyumba yangu, niliyoipiga video kwa droni tangu msingi mpaka bati la mwisho, kila hatua, kutoka juu, ili siku moja mtu akisema nilisaidiwa nimkalishe kitako aone. Nikamaliza kujumlisha. Vyote kwa pamoja vilifika nusu tu ya diski. Iliyobaki haina mwenyewe, wala haionekani.

Nikamtukana muuzaji wa Dar kimoyomoyo. Halafu nikakumbuka binti yetu anayesoma Unguja, alipokuja likizo, alimwonyesha mama yake namna ya kuficha folda na namna ya kuifichua. Mie nilikuwa nanywa chai, lakini masikio yangu hayanywi chai. Nikatafuta kile kisanduku cha kuonyesha vilivyofichwa, nikakitia alama. Ikajitokeza folda moja imepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Jina lake: Printa ya zamani.

Printa yetu ya zamani ilikufa kitambo. Ipo uani, kuku anaatamia ndani yake. Nikatazama uzito wa folda: nusu ya diski. Maiti ya printa inakula kuliko Maulidi yote ya kaskazini! Nikamwambia yule mvuvi asiwe na wasiwasi, mwizi kapatikana, na kidole changu kikawa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Hapo mke wangu akaingia, buibui hajalivua, akakiona kioo.

"Usiiguse hiyo."

Nikamweleza kwa upole wa mtaalamu kwamba hayo ni mabaki ya printa iliyokufa.

"Mna printa humo? Humo mna wake za watu."

Akanivuta chumba cha nyuma tusizungumze mbele ya mgeni, akanieleza. Mabibi harusi wengi hawataki ile sehemu yao ya video, ya ndani, ikae majumbani. Mume ana simu, shemeji ana simu, watoto wa shemeji wana vidole vyepesi. Kesho unajikuta umesukwa na kupambwa kwenye simu ya muuza samaki. Kwa hiyo wanamwachia yeye, amana. Wakitaka kujiona wanakuja alasiri. Mie miaka yote nilidhani wale mabibi wanaofika na vikapu vyao wanafuata maandazi ya mke wangu. Nilikuwa nikiwasifu kwa hamu ya kula.

"Na mie mumeo?" nikamuuliza. "Nami nafichwa, kwenye kompyuta yangu?"

"Weye ndo wa kwanza. Kila anayekuja huniuliza, mumeo hafungui? Nawambia hajui hata ipo. Hapo ndo wananiachia."

Naomba msomaji anielewe. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba watu wanatoka Makangale huko, wanazipita studio nyengine njia nzima, kwa sababu ya kipaji changu. Bango langu lina taa. Kumbe walikuwa wanafuata ujinga wangu, nao nilikuwa nautoa bure.

Lakini boti haingoji mtu anayefikiri. Diski nyengine ingetoka Unguja, kwa meli. Amana haiguswi, harusi na mpira ni za watu. Mke wangu akarudi kwenye kompyuta, akaitazama ile orodha, akanitazama na mie.

"Toa vyako."

"Vyangu ni nyumba tu."

"Nyumba si hii tumo ndani yake? Utoke nje uitazame."

Nilimweleza habari ya msingi, habari ya droni, habari ya watu watakaosema nilisaidiwa. Alinisikiliza huku akivua buibui na kukunja mikono ya gauni, tayari kwa kazi. Kule barazani mvuvi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejua saa ya boti yake. Nikakaa, nikabonyeza mwenyewe. Msingi ukaenda, nguzo zikaenda, na bati jipya lililokuwa likimeta kwenye picha kuliko linavyometa hapa. Kompyuta ikapokea kadi bila ya kuniambia hata ahsante. Pazia likashushwa, nikatolewa nje ya studio yangu.

Kabla ya boti kuondoka mke wangu alitoka na flashi kaifunga kwenye ncha ya leso. Akamwambia yule bwana aitie mkononi kwa dadaye, mkononi hasa, asiichomeke popote njiani. Mvuvi akaapa. Nilimwamini, hakuwa muuzaji.

Asubuhi yake bibi harusi alipita kwetu akielekea uwanja wa ndege wa Chake, mumewe kabaki garini. Akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Nilimsikia akimwambia mke wangu kwamba mama kaitazama mpaka mwisho, kaomba irudishwe mwanzo, akawa anamshika mkono yeye huku anamtazama yule wa kwenye kioo, kama hajui ashike yupi. Halafu akaiacha flashi, iwekwe pamoja na nyengine.

Alipotoka akanikuta mlangoni. "Shikamoo baba. Studio nzuri, mashallah."

Nikaitikia marahaba, nikamtakia safari njema, na sikuuliza chochote, maana sijui chochote. Gari ilipoondoka nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili, nikaitazama nyumba yangu. Kutoka chini haionekani vizuri kama kutoka juu. Bati halionekani kabisa.