Mama Mkwe Aliyeshika Fagio

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Hosiyat Rahmonova anatoka langoni na ndoo ya maji. Ananyunyizia vumbi la mtaa lilale, anainama, anaanza kufagia kuelekea mtaroni. Upande wa pili wa lango anafagia Zulhumor, mke wa mwanawe. Wanaongea habari za bei ya unga.

Hapa mjini Shahrisabz, jambo hilo limezua maneno tangu majira ya kuchipua. Kufagia mbele ya lango ni kazi ya mkamwana, na mtaa mzima humpima kwa fagio lake. Mama mkwe hukaa. Alifagia enzi zake. Sasa ni zamu yake kuletewa chai.

Na Hosiyat, mwenye umri wa miaka 58, alikaa kwelikweli. Yeye hutarizi kofia. Kofia moja humchukua siku kumi na mbili na kumpa som laki mbili na nusu, pesa ya huku, na tangu Zulhumor aolewe miaka minne iliyopita, hakuwa na sababu ya kuinuka kwenye mto wake wa kukalia.

"Nilijiona malkia," anasema akicheka. "Nikisimama tu, mkamwana anaruka: 'Mama, unataka nini? Kaa, nakuletea.' Basi nakaa. Nilidhani hiyo ndiyo afya, kupumzika."

Machi mwaka huu, akivua soksi kabla ya kulala, alikuta sindano yake ya kutarizia imezama kwenye wayo. Ilikuwa humo tangu asubuhi. Hakuwa amehisi kitu.

Daktari alipima sukari: kumi na nne, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Akampa vidonge, kisha akamwambia bila kupindapinda, "Dawa peke yake haitoshi, mama. Ukiendelea kukaa hivi, mguu huu tutaukata."

Hosiyat hakumwambia mtu. Binti yake wa mwisho, Mohira, ameshachumbiwa, na nyumba yenye mchumba haitangazi ugonjwa ambao watu husema uko kwenye damu ya ukoo.

Alijaribu kutembea. Kila lango alilopita aliulizwa anakwenda wapi, na mwanamke wa umri wake asiye na anakokwenda huonekana amegombana na watu wa nyumbani. Ndipo akafikiria fagio. Angeamka kabla ya Zulhumor, afagie, arudi ndani, nani angejua?

Siku ya tatu jirani yake Tursunoy alimkuta ameinama.

"Wee Hosiyat! Mkamwana wako amekufa?"

"Amelala."

"Amelala! Na wewe unafagia! Makubwa haya."

Kufika adhuhuri, habari ilikuwa imefika kwa waoka mikate, ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha: Zulhumor mvivu, Zulhumor ana kiburi, Zulhumor anarudishwa kwao. Zulhumor naye, asijue kosa lake, akaanza kuamka saa kumi ili awahi fagio. Hosiyat akaamka saa tisa na nusu.

Ijumaa mama yake Zulhumor aliingia na mikate iliyofungwa kwenye kitambaa, macho yamemvimba. "Dada, kama mwanangu amekukosea, niambie mimi nimfunze. Usimwaibishe mtaani hivi." Jikoni, Zulhumor alikuwa analia juu ya sufuria.

Hosiyat anasema hajawahi kuona haya kama siku hiyo. Alikuwa akiuponya mguu wake kwa kuliharibu jina la mtoto wa mwenzake. Alivua soksi mbele ya wanawake wote wawili, akawaonyesha kidonda cha sindano.

"Mwanao hana kosa," akamwambia. "Mimi ninaumwa sukari."

Wiki hiyohiyo, kwenye mlo wa kila mwezi wa wanawake wa mtaa, alirudia maneno hayo kwa sauti kabla wali haujapakuliwa. Kesho yake Tursunoy alipita kimyakimya kuulizia zahanati iko wapi.

Wakwe watarajiwa walikaa kimya siku kumi na saba, na Hosiyat alizihesabu zote. Kisha wakaomba Mohira apimwe. Hana sukari. Harusi ni Oktoba, kama ilivyopangwa.

Sasa sukari ya Hosiyat imeshuka hadi nane. Kidonda kimefunga. Baada ya kufagia hutembea na Zulhumor hadi soko la nyuzi na kurudi, na wakiulizwa wanakwenda wapi, Zulhumor hujibu, "Kutembea tu, shangazi. Njoo nawe." Wengi hucheka. Wawili wameshakuja.

Hosiyat hana mpango mkubwa. Anamalizia kofia za harusi, na analo neno la kumwambia mama mkwe wa Mohira siku ya kumpeleka bibi harusi.

"Nitamwomba amwachie mwanangu nusu ya mtaa, nusu afagie mwenyewe. Akitaka kununa, anune. Nataka wajukuu zangu wamkute bibi yao wa upande wa pili ana miguu miwili."