Marufuku ya Hina

Nilikuwa msimamizi katika kampuni ndogo ya kufua nguo pale Amani. Kila asubuhi gari letu lilishuka Mji Mkongwe, likapita hoteli moja baada ya nyingine, likarudi na mafurushi ya mashuka, foronya na taulo. Chini yangu walikuwapo wanawake kumi na mmoja, na mimi nilijiona hodari kwa sababu wote walikuwa wananiogopa.

Tatizo letu lilikuwa madoa. Hoteli zilirudisha mashuka yenye vijidoa vya hudhurungi, vidogo kama punje za mtama, na simu za malalamiko zilikuja kwangu. Nilichunguza kwa macho yangu mwenyewe, nikaona wafanyakazi wangu wamepaka hina mikononi, nikapata jibu papo hapo. Nikabandika tangazo ukutani: ni marufuku kuja kazini na hina. Sikukuu ya Idi ilikuwa imebaki wiki moja. Wanawake wale walikwenda kutembeleana mikono mitupu, bila ya hina, na wiki nzima baada ya Idi hakuna aliyeniitikia salamu vizuri.

Madoa hayakwisha, na hoteli kadhaa zikatukimbia. Nikasema labda wanapaka kwa siri miguuni.

Ndipo akaja meneja mpya, mwanamke wa Makunduchi, mpole wa sauti, mwenye umri wa kuweza kuwa dada yangu mkubwa. Nilimwandalia ripoti ndefu juu ya uzembe wa wafanyakazi. Aliipokea, akaikunja, akaitia mkobani.

"Ahsante," alisema. "Nitaisoma. Lakini kwanza nataka shuka moja."

Nikampa. Akatoa sindano, akalitia uzi mwekundu pembeni, akalirudisha kwenye furushi la nguo chafu. Kisha akanambia, "Leo mimi na wewe tunalifuata hili mpaka lirudi hotelini."

Nilidhani anatania. Tulianza kwa aliyepokea mizigo, tukaenda kwa waliofua. Kila tulipofika, meneja alimsalimia mfanyakazi, akamuuliza swali lile lile: "Hapa kazi inakusumbua wapi?" Kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa tayari kuwajibia, lakini aliniwekea mkono begani, nikafunga mdomo. Wa kwanza alisema hana la kusema. Wa pili alisema sabuni inachelewa kuletwa. Meneja aliandika.

Mashuka yalipotoka mashineni tukapanda juu ya paa, kwenye nyaya za kuanikia. Muanikaji wetu alikuwa mama mtu mzima, mkongwe kuliko wote kazini. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na alipoulizwa hakujibu kwa maneno. Alichukua kitambaa cheupe mfukoni, akakibana kwenye waya, akakivuta hatua tatu. Kikawa na mstari wa hudhurungi.

"Kutu," alisema. "Mvua zikinyesha ndiyo inazidi."

Nilisikia masikio yanawaka. "Bibi, mbona hukunambia?"

"N'likwambia, mwanangu. Ukasema nisitafute visingizio."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama simu.

Nilimsubiri meneja anitie adabu mbele ya yule mama. Hakufanya hivyo. Aliuliza tu kamba gani ingefaa, mama akasema ya nailoni, ile ya kijani wanayotumia wakulima wa mwani, haiozi. Tulipokuwa tunashuka ngazi meneja alinambia, "Kamba nitaagiza mimi. Tangazo la ukutani ni lako."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikawakusanya wote kumi na mmoja, nikabandua lile tangazo mbele yao, nikasema nimekosea na nnaomba radhi. Kisha mpiga pasi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Na miguuni je, bwana msimamizi, tunaruhusiwa?" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile.

Kamba zilifungwa siku ya tatu, na madoa yakakoma. Lakini yaliyonishangaza zaidi ni yaliyofuata. Meneja alianzisha kikao cha Jumamosi asubuhi, chai na maandazi, robo saa bila ya kuzidi, na kila mtu alitaja kitu kimoja kinachomkwaza. Mpiga pasi yule yule alisema meza ya kukunjia iko mbali, kila siku wanatembea bure. Tukaisogeza. Aliyepokea mizigo akaomba kila hoteli iwe na rangi yake ya uzi, ili nguo zisichanganyike. Mapendekezo yale hayakutoka kwangu hata moja, na hoteli zilizotukimbia zikaanza kurudi. Meneja wa hoteli moja alikuja mwenyewe kutazama, akauliza tumenunua mashine gani mpya. Nikamwonyesha kamba ya kijani.

Siku hizi nnaongoza tawi letu dogo la Fumba. Mwezi uliopita mfanyakazi mmoja alinizuia mlangoni kunambia kuwa zamu nilizozipanga ni mbaya, zinawaumiza wenye watoto wadogo. Zamani ningemwambia arudi kazini. Nikavuta viti viwili. Alieleza karibu nusu saa, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli, kwa hivyo nikazipanga upya. Machache yaliyobaki bado tunabishana, na mpaka sasa yeye ndiye anayeshinda.