Kizibao cha Maharagi

Binti yangu alikuwa na miaka saba na hajawahi kusimama tuli hata dakika moja. Muuguzi alisema ni autisme, yaani usonji. Majirani walisema bulozi, kwamba amerogwa, nami nikaacha kuwasalimia. Sauti kali ikimpata, anakimbia popote miguu inakompeleka. Na kwetu Bunia, jioni polisi akipiga firimbi bendera ishuke, kila mtu barabarani anaganda mpaka firimbi ya pili, awe na pikipiki, awe na mzigo kichwani. Miaka ile risasi zilikuwa zimenyamaza, lakini nani aliamini? Mtoto akikimbia wakati wa bendera, mbele ya bunduki, nilijua kinachoweza kumpata.

Nilikuwa nauza maharagi ya Kpandroma. Siku moja nikamkuta amejilaza chini ya mfuko wa maharagi, kimya, uso umelegea, uzito ule umemtuliza. Basi nikakata suruali ya marehemu baba yake, kitambaa kigumu cha kijani, nikashona kizibao chenye mifuko sita kifuani na kuijaza maharagi. Tukafanya mazoezi uani: napiga firimbi, anashika mifuko, anasimama. Siku aliyosimama mpaka mwisho, nililia kama mjinga.

Jioni ya kwanza tulipothubutu kupita njia ya bendera, polisi akatusimamisha.

"Mama, mutoto iko na nini pa kifua? Risasi?"

"Ni maharagi, shefu."

"Toa."

"Shefu, nikitoa atakimbia."

Hakungoja. Alivuta kizibao, uzi ukakatika, maharagi yakamwagika. Akarudi haraka mahali pake, na firimbi ikalia.

Mtoto akaruka. Nikamdaka kiunoni, tukaanguka, nikamlalia kwa uzito wangu wote. Mtaa mzima umesimama, siye wawili tuko vumbini. Polisi naye ameganda, mkono kwenye kofia, macho kwetu. Bendera ilimfunga kama wengine. Nilikuwa na muda huo tu wa kumtuliza. Nikamkandamiza, nikimhesabia sikioni. Alipiga mateke, akatetemeka, kisha nikasikia pumzi yake inashuka.

Firimbi ya pili. Polisi akaja, akaokota punje, akaigeuza kiganjani.

"Kweli ni maharagi."

"Basi chukua ukapike," nikamjibu. Sikujali tena.

Hakunipiga. Aliinua kizibao mbele yangu. "Mama, weye unajua ni watu gani wanavaa hivi?"

Nikakitazama. Kijani, mifuko sita kifuani. Nilikuwa nimeviona vizibao kama hivyo asubuhi tuliyokimbia kijiji chetu cha Djugu, vimejaa risasi, vifuani mwa waliotushambulia, vinapita karibu na mtama nilimojificha. Binti yangu alikuwa mchanga, nimemlalia chini ya kifua, naomba asilie. Hakulia.

Tukapiga magoti, polisi nami, tukaokota maharagi yote. Kesho yake nilishona kizibao kingine, cha kitenge cha maua ya njano.