Dripu ya Pombe

Mimba ilikuwa ya miezi saba uchungu uliponishika tukipalilia mahindi ya kijiji cha Ujamaa. Hospitalini Lushoto wakanitundikia dripu yenye pombe. Msicheke, siku hizo ndiyo ilikuwa dawa ya kutuliza mji wa mimba usisukume mtoto mapema. Nikalewa chakari, mimi mwanakwaya!

Mama mkwe, Mlutheri asiyeruhusu boha, pombe yetu ya miwa, ipite hata mlangoni kwake, akaja kunitazama. Nikamwamkia shikamoo mara nne. Akaitikia marahaba zote nne, uso ameukunja. Nesi akamweleza kilichomo kwenye chupa. Mama akaikazia macho.

“Mbona imebaki kidogo? Mwongezeeni!”

Binti yangu alisubiri mpaka mahindi yakavunwa.