Koti la Kuandikia Kiingereza

Miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, mtaani kwetu Temeke, mie nilikuwa mtu wa kibarazani. Nikisharudi kutoka ukarani mjini na kuvua viatu, hanioni mtu barabarani mpaka kesho. Mikutano ya hadhara niliihudhuria kwa masikio. Lakini kwa kuwa nilifika sekondari, na mwandiko wangu ulilala vizuri kama nywele zilizochanwa, kila mwenye shida ya barua alinijia, akiwemo mjumbe wetu wa halmashauri ya mji.

Nilikuwa na tabia moja ambayo hata leo siwezi kuieleza. Kiswahili niliandika na kikoi, kifua wazi, huku najikuna. Kiingereza hakikutoka bila koti. Basi jua kali, mtaa mzima unaniona nimejifunga koti la harusi, jasho chapachapa, nafikiria pa kuweka "mtumishi wako mtiifu".

Ikaja habari kwamba serikali itavunja nyumba za makuti ipitishe barabara. Ya kwanza kwenye mstari ilikuwa ya jirani yangu, mama mmoja mjane aliyekaanga vitumbua. Yangu ilikuwa nyuma ya mstari, jambo lililonisaidia sana kuwa mtulivu. Jumamosi mjumbe akaja, nikamwandikia hotuba ya kuwasomea watu: "Nikiwa hai, nyumba ya mjane haitaguswa hata ukuti mmoja!" Sentensi ile niliipenda mno. Jumatatu akarudi, nikavaa koti, nikamwandikia Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, kwamba mjumbe anauunga mkono mpango na wananchi wameridhika. Nikajiambia mie ni kalamu tu. Kisha nikala wali wangu.

Hotuba ilisomwa, na ubishi ukahamia kibarazani kwangu.

"Mwongo yule," alisema fundi cherehani wa jirani. "Si aliapa kofia ya Kizungu hataivaa? Leo anaingia nayo mpaka chooni."

"Mtu hubadilika, ndugu yangu," alisema mwalimu mmoja wa bara aliyepanga nyumba ya pili.

"Abadilike basi abaki huko huko! Huyu asubuhi yuko huku, jioni yuko kule."

Wakanigeukia mie, msomi. Nikakohoa, nikasema mwenye maneno mazuri kiasi kile hawezi kuwa mwongo. Nilikuwa najisifu mwenyewe, na hakuna aliyejua.

Kesho yake mjane akaleta vitumbua vyangu vitatu vya kila siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno. Paa langu limeoza na mvua hizo zinakuja. Kaka yangu wa Mbagala kanisukia makuti mapya. Niezeke, au nihamie kwake kabla hawajanivunjia? Mjumbe anasema kweli?"

"Ezeka, mama. Si umeisikia hotuba?"

Akanitazama. "Jumatatu alipokuja, ulivaa koti."

"Baridi, mama."

"Baridi ya saa tisa alasiri?"

Ndani mke wangu alicheka mpaka sufuria ikamponyoka.

"Basi kavae koti," mjane akasema, "halafu uniambie tena niezeke."

Nikaingia. Mke wangu alikuwa keshalishika mkononi, amenitegea mikono ya koti kama ya mtoto wa shule. Nikalivaa juu ya kikoi, nikatoka, nikafungua mdomo. Ile sentensi yangu nzuri haikuja.

"Usiezeke, mama," nikasema. "Hama."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniachia vitumbua viwili, cha tatu akaondoka nacho.

Jumapili mjumbe akairudia hotuba. Nikasikia makofi kutoka uwanjani, tena pale pale kwenye ukuti wangu. Mjane hakwenda. Alikuwa kwake anang'oa mlango wake wa mninga, asiwaachie wavunjaji.

"Wee mwanangu!" aliniita. "Njoo ushike huku. Na uje na koti."

Nikaliendea koti, nikavuka njia, nikashika upande wangu. Mlango ule sijui mumewe aliuchonga kwa ajili ya ngome gani. Tukawa tunautoa taratibu kuelekea kwenye mkokoteni, na watu ndio wanatoka mkutanoni. Fundi cherehani akasimama katikati ya njia, akalitazama koti, akautazama mlango.

"Karani," akasema, "leo unamwandikia nani?"

Mjane akanijibia: "Ananiandikia mie. Shika nawe huko, acha maneno."

Akashika.